Masizi, wingu la kahawia na mvua za Bahari ya Hindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila mazungumzo yanapogusa moshi na hali ya hewa. Mfano unaotumika zaidi hapa ni wa Asia ya Kusini na kaskazini mwa Bahari ya Hindi, kwa kuwa ndiko masizi yalikopimwa kwa undani na ndiko wanasayansi walikobishana zaidi juu ya mvua. Afrika Mashariki inaingia pale inapohusika kweli.

## Misingi

1. Masizi ni nini hasa?

Ni kaboni ambayo moto ulishindwa kuimaliza. Kuni mbichi, utambi wa mafuta ya taa, dizeli ndani ya injini iliyochoka: hewa au joto lisipotosha, sehemu ya kinachoungua hugeuka chembe nyeusi badala ya kugeuka gesi. Hizo zilizogandamana kwenye makalio ya sufuria na kwenye makuti ya paa la jiko ndizo hizo hizo zinazoruka, ila zinazoruka ni ndogo mno kiasi cha kubaki angani. Sehemu ya masizi inayofyonza mwanga huitwa kaboni nyeusi, na ndiyo inayozungumziwa katika majibu mengi hapa chini.

2. Yana tofauti gani na hewa ukaa?

Tofauti kubwa ni umri. Hewa ukaa inayotoka leo sehemu yake itakuwa bado angani baada ya karne kadhaa, na ikishapanda husambaa dunia nzima. Masizi hukaa siku chache, pengine wiki moja au mbili, kisha mvua huyashusha. Kwa hiyo hayapati muda wa kusambaa sawasawa: hujaa karibu na yanakotoka na upande upepo unakoelekea.

Tofauti ya pili ni namna yanavyofanya kazi. Hewa ukaa huzuia joto linalojaribu kutoka duniani. Masizi hudaka mwanga wa jua wakati unaingia, yakapasha joto hewa inayoyazunguka na kuacha kivuli chini. Ndiyo maana athari yake kubwa iko kwa majirani, katika jua lao, mvua yao na theluji yao. Anayeuliza tu yanaongeza nyuzi ngapi kwenye wastani wa dunia anauliza swali dogo kuliko jambo lenyewe (tazama Swali la 17).

3. Yanatoka wapi zaidi?

Kwenye majiko ya kuni, samadi kavu na mabua, kwenye dizeli, kwenye matanuri ya matofali, na kwenye moto wa nyika na mashamba. Uzito wa kila chanzo hubadilika kutoka nchi hadi nchi.

Kwa Asia ya Kusini swali hili lilijibiwa kwa njia ya kuvutia. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli vimekaa ardhini mamilioni ya miaka, kwa hiyo kaboni yao haina tena ile kaboni-14 iliyomo kwenye mti ulio hai. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vya hewa iliyonaswa Maldives na magharibi mwa India: kati ya nusu na theluthi mbili ya kaboni nyeusi ilitokana na kuni, samadi na mabua. Waliokuwa wakidhani tatizo lote ni viwanda na malori walilazimika kuangalia jikoni.

Chanzo kimoja hudharauliwa: kibatari, au koroboi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua kwenye taa ya utambi isiyo na kioo hugeuka kaboni nyeusi karibu tupu. Kwa taa ndogo vile, ni kiasi cha kushangaza.

4. Moshi mweupe je, hauna neno?

Kwa mapafu una neno sana. Kwa hali ya hewa, moshi mweupe una chembe nyingi zinazorudisha mwanga wa jua angani, hivyo hupoza badala ya kupasha joto. Moto mmoja hutoa zote mbili kwa pamoja, na hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu (Swali la 18).

## Wingu la kahawia

5. Wingu la kahawia la Asia ni nini?

Ni utando wa moshi, masizi, salfa, majivu na vumbi unaotanda juu ya Asia ya Kusini na bahari iliyo jirani wakati wa kiangazi, takriban Desemba hadi Aprili. Wavuvi na marubani walikuwa wakiuona tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba Januari hadi Machi 1999 ulipimwa. Mradi ulioitwa INDOEX ulikusanya zaidi ya wanasayansi 200, wakiwa na ndege, meli, setilaiti na kituo katika kisiwa cha Kaashidhoo, Maldives. Waliouongoza ni V. Ramanathan, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi California, na Paul Crutzen, Mholanzi aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1995.

Walichokuta kiliwashangaza. Walikuta utando wa unene wa kilomita 3 hivi, uliofunika eneo la takriban kilomita za mraba milioni 10, na chini yake bahari ikikosa karibu asilimia 10 ya jua lake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2002 ikaueneza kwa jina la "wingu la kahawia la Asia", India ikalalamika kwamba inanyooshewa kidole peke yake, na jina likabadilishwa kuwa mawingu ya kahawia ya angani, bila Asia. Malalamiko hayo yalikuwa na haki: utando wa aina hiyo hutokea pia Afrika na Amerika ya Kusini.

6. Kaskazi huleta moshi huo hadi pwani yetu?

Upepo ni ule ule, lakini mzigo haufiki wote. Kaskazi iliyokuwa ikisukuma majahazi kutoka Gujarati na Uarabuni kuja Lamu, Mombasa na Unguja ndiyo inayobeba moshi kutoka bara Hindi kuelekea kusini-magharibi juu ya bahari. Njiani hukutana na ukanda wa mvua ambao miezi hiyo huwa umekaa kusini kidogo ya ikweta, na mvua hiyo huufua. INDOEX waliona mpaka huo waziwazi: kaskazini ya ukanda hewa chafu, kusini yake hewa safi.

Anayeona anga ya Dar es Salaam au Nairobi imefifia asiende kutafuta sababu Mumbai. Aanze na malori, jalala linalofuka na majiko ya mtaani kwake.

7. Inakuwaje bahari ipoe na hewa ipate joto kwa wakati mmoja?

Kwa sababu ni jua lile lile limegawanywa upya. Nishati ambayo ingefika kwenye maji imenaswa kilomita moja au mbili juu yake. Machi 2006, kutoka kisiwa cha Hanimaadhoo nchini Maldives, kikosi cha Ramanathan kilirusha ndege 3 ndogo zisizo na rubani kwa mpangilio: moja chini ya utando, moja ndani yake na moja juu yake, zote kwa wakati mmoja. Kwa kulinganisha mwanga uliopimwa na kila moja, walipata kwamba utando uliongeza kiasi cha asilimia 50 ya joto ambalo jua huipa hewa ya tabaka la chini.

Hewa yenye joto juu na uso uliopoa chini ni mpangilio unaozuia hewa kupanda. Na hewa isipopanda, wingu la mvua halijengeki.

## Mvua

8. Masizi hupunguzaje mvua za India?

Tuanze na upepo. Kusi inayopita pwani ya Kenya na Somalia kuanzia Mei ndiyo inayovuka ikweta, ikapinda, na kuipelekea India mvua za Juni hadi Septemba. Inavutwa na tofauti za joto: nchi kavu ikipata joto kuliko bahari, na kaskazini ya Bahari ya Hindi ikipata joto kuliko kusini.

Utando wa kahawia hugusa tofauti zote mbili. Huweka kivuli juu ya nchi kavu katika miezi ambayo ingekuwa inajipasha joto, na huweka kivuli juu ya nusu ya kaskazini ya bahari huku nusu ya kusini ikiendelea kupigwa na jua kamili. Maji ya kaskazini hutoa mvuke kidogo, mvuto unalegea, na upepo unafika ukiwa umepungukiwa nguvu na unyevu.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mvua za msimu zilipungua katika sehemu kubwa ya katikati na kaskazini mwa India, jambo lililowashangaza wengi kwani dunia yenye joto zaidi inatarajiwa kuwa na mvuke mwingi zaidi. Mwaka 2011 watafiti Bollasina, Ming na Ramaswamy waliendesha modeli ya kompyuta wakitenganisha visababishi kimoja kimoja: chembechembe za angani zinazotokana na binadamu ndizo zilizoeleza upungufu huo vizuri kuliko gesi joto (hewa ukaa na nyingine zinazozuia joto kutoka) au mabadiliko ya asili. Tuwe waangalifu hapa: chembechembe hizo ni masizi pamoja na salfa. Salfa nayo huweka kivuli, na hatuwezi kuyabebesha masizi lawama yote.

9. Mbona wengine wanasema masizi huongeza mvua?

Wana hoja. Mwaka 2006 William Lau na wenzake walipendekeza kwamba Aprili na Mei masizi, yakichanganyika na vumbi la jangwani, hurundikana kwenye miteremko ya kusini ya Himalaya na kuipasha joto hewa ya juu. Hewa hiyo hupanda, ikavuta unyevu kutoka baharini, na mvua za kaskazini mwa India zikaanza mapema na kwa nguvu.

Wapinzani wao wanasema vipimo halisi vya anga havionyeshi mvuto huo kwa uwazi unaodaiwa. Kwa maoni yetu, hoja mbili hizi hazilazimiki kuuana, kwani zinazungumzia miezi tofauti na maeneo tofauti: mwanzo wa msimu chini ya milima, na jumla ya msimu mzima katikati ya nchi. Ila kama mtu anataka kujua ni ipi yenye ushahidi mzito zaidi, ni ile ya kupungua.

10. China je?

Kuna utafiti maarufu wa mwaka 2002 wa Surabi Menon, James Hansen na wenzao, uliohusisha masizi ya China na India na mtindo wa ukame kaskazini mwa China pamoja na mafuriko kusini. Modeli zilizofuata hazikukubaliana zote juu ya ukubwa wa mchango huo.

11. Yanaathiri mazao, au ni mvua tu?

Yanaathiri. Mpunga unahitaji jua pamoja na maji, na utando hupunguza vyote viwili. Uchambuzi wa mavuno ya mpunga India uliochapishwa mwaka 2006 na Auffhammer, Ramanathan na Vincent ulionyesha kwamba bila wingu la kahawia na bila ongezeko la gesi joto, mavuno yangekuwa makubwa zaidi. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba athari hizo mbili zilijumlishana. Kupoa kunakoletwa na kivuli hakukufuta hasara ya joto kwa mkulima.

## Theluji na barafu

12. Chembe kidogo vile zinawezaje kuyeyusha barafu ya milimani?

Theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya jua. Ikipakwa masizi, hata yakiwa ni sehemu chache tu katika bilioni, hufyonza jua zaidi. Theluji ikianza kulainika, chembe zake hunenepa, na theluji ya chembe nene ni nyeusi zaidi kuliko ile mpya. Hivyo uyeyukaji hujichochea wenyewe. Mbaya zaidi, maji yanapotiririka huacha sehemu ya masizi juu ya uso.

13. Himalaya imeathirika kweli?

Ndiyo. Kituo cha utafiti kilicho mita 5,079 juu ya usawa wa bahari karibu na mlima Everest, upande wa Nepal, kimerekodi moshi ukipanda mabondeni mchana pamoja na upepo, hasa miezi ya kabla ya monsuni, yaani mvua za Juni hadi Septemba. Barafu iliyochimbwa kwenye uwanda wa Tibet nayo ina tabaka za masizi zilizoongezeka tangu miaka ya 1990. Bado ongezeko la joto la dunia ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kuyeyuka, na masizi ni mkono wa pili unaosukuma. Kwa wanaotegemea mito ya Indus na Ganges, mkono wa pili si jambo dogo.

14. Na theluji ya Kilimanjaro?

Hapa tunawakatisha tamaa wanaopenda hadithi rahisi. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, lakini wanaoichunguza kileleni wanataja kwanza ukavu: hewa ya Afrika Mashariki ilipoteza unyevu kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikawa haba, na barafu kuukuu isiyofunikwa hupigwa na jua moja kwa moja. Kuufanya mlima huo kuwa picha ya masizi ni kuuongezea kesi isiyo yake.

## Moshi wa Afrika

15. Moto wetu wa nyika unachangia nini?

Zaidi ya nusu ya ardhi yote inayoungua duniani kila mwaka iko Afrika. Kusini ya ikweta msimu wake ni Juni hadi Oktoba: Angola, Zambia, kusini mwa Kongo, Msumbiji, na miombo ya Tanzania. Moshi mwingi huelekea magharibi hadi juu ya Atlantiki, mbele ya pwani za Angola na Namibia, ambako kuna uwanda mkubwa wa mawingu meupe ya chini.

Mahali moshi ulipo kuhusiana na wingu hubadilisha kila kitu. Masizi yakiwa juu ya wingu jeupe hudaka jua mara mbili, linaposhuka na linaporudishwa. Yakiwa ndani ya wingu huweza kulikausha. NASA ilipeleka ndege huko mwaka 2016, 2017 na 2018, katika mradi wa ORACLES, kupima hali hizo.

Karibu na nyumbani, kituo cha mlima Mugogo nchini Rwanda hupima kaboni nyeusi. Hupanda katika misimu ya ukavu, na sehemu kubwa hutoka kwenye moto wa nchi jirani: Desemba hadi Februari kutoka kaskazini, Juni hadi Agosti kutoka kusini. Upepo hauonyeshi pasipoti.

16. Kwa hiyo masika na vuli kuyumba ni kwa sababu ya masizi?

Usikimbilie huko. Vuli huongozwa zaidi na joto la bahari: El Niño, na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Mwaka ambao magharibi hupata joto zaidi, kama 1997 na 2019, tunafurika. Aliyekosa mvua shambani akaambiwa ni jiko la jirani yake amedanganywa.

## Maswali magumu

17. Nimesoma kwamba masizi ni ya pili baada ya hewa ukaa kwa kupasha dunia joto. Ni kweli?

Ilisemwa hivyo, na wanaoirudia wananukuu namba za zamani. Mwaka 2008 Ramanathan na Carmichael walikadiria nguvu ya kaboni nyeusi ya kupasha dunia joto kuwa wati 0.9 kwa mita ya mraba. Tathmini kubwa ya mwaka 2013 ikasema 1.1, lakini kwa upana wa 0.17 hadi 2.1. Mwaka 2021 IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, liliweka 0.11, upana ukianzia chini ya sifuri hadi 0.42. Hewa ukaa, kwa kulinganisha, ni 2.16.

Masizi yenyewe hayakupungua nguvu. Kilichobadilika ni kwamba hesabu mpya zinajumuisha jinsi mawingu na hewa vinavyojirekebisha haraka baada ya kupata joto lile, na marekebisho hayo hufuta sehemu kubwa ya athari kwa wastani wa dunia. Lakini kujirekebisha kwa mawingu ndiko kubadilika kwa mvua. Kinachopotea kwenye wastani wa dunia kinaonekana kwenye shamba la mtu.

18. Jiko bora la kuni hupunguza joto la dunia?

Inategemea. Linapunguza masizi na moshi mweupe pamoja, na viwili hivyo huvuta pande mbili. Dizeli ni rahisi kuhukumu, kwa kuwa moshi wake ni masizi mengi kuliko kingine chochote. Kwa jiko la kuni, sababu ya kwanza inatosha bila hali ya hewa: Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka kutokana na moshi wa majumbani, kwa takwimu za mwaka 2020.

19. Tukiondoa chembechembe zote, si dunia itapata joto zaidi?

Ukiondoa salfa peke yake, ndiyo, kwa kuwa ilikuwa ikipoza. Ukiondoa masizi, hapana. Mipango mibovu husafisha moja na kusahau lingine. Ila kuacha watu wavute moshi ili kupoza dunia si hoja ambayo mtu angeitoa mbele ya mtoto mwenye pumu.

## Kupunguza

20. Tukiacha leo, mabadiliko huonekana lini?

Kwa hewa, ndani ya wiki. India ilipojifungia Machi 2020 kwa sababu ya korona, setilaiti za NASA ziliona chembechembe za angani kaskazini mwa nchi zikishuka hadi kiwango cha chini kabisa kwa wakati ule wa mwaka katika miaka 20. Watu wa Jalandhar, Punjab, waliona milima ya Himalaya kutoka kwenye mapaa yao. Bahari huchukua muda mrefu zaidi, maana maji hukumbuka.

21. Mkaa ni afadhali kuliko kuni?

Jikoni, kwa masizi, ndiyo. Lakini moshi haukupotea, ulibaki porini kwenye tanuri la mkaa, pamoja na miti iliyokatwa. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa gesi isiyo na harufu.

22. Gesi ya mitungi nayo si mafuta ya ardhini?

Ni ya ardhini, na bado karibu haitoi masizi. India ilianzisha mpango wa Ujjwala Mei 2016, na kufikia Septemba 2019 kaya milioni 80 za kipato cha chini zilikuwa zimeunganishwa. Shida ilikuja kwenye kujaza: mtungi ukiisha, wengi walirudi kwenye kuni kwa sababu ya bei. Tanzania, ambayo mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya watu ifikapo 2034, ingefanya vyema kuhesabu mitungi inayojazwa mara ya pili na ya tatu kuliko ile inayogawiwa mbele ya kamera.

23. Kwa nini wakulima wa Punjab hawaachi tu kuchoma mabua?

Kwa sababu ya kalenda. Sheria ya mwaka 2009 iliyolenga kuokoa maji ya ardhini ilisogeza mbele upandaji wa mpunga, mavuno yakasogea hadi mwishoni mwa Oktoba na Novemba, na mkulima akabaki na wiki mbili au tatu kabla ya kupanda ngano. Kiberiti ni rahisi kuliko trekta. Wakati huo huo upepo hutulia, na moshi hukaa juu ya Delhi.

24. Naweza kupima masizi mwenyewe?

Kifaa cha bei nafuu kinachoonyesha PM2.5 huhesabu chembe ndogo zote, masizi na vumbi la barabarani kwa pamoja. Kupima kaboni nyeusi kunahitaji mashine inayovuta hewa kupitia kichujio na kupima jinsi doa linavyozuia mwanga. PM2.5 inatosha kukuambia kama hewa ni salama: kiwango cha Shirika la Afya Duniani tangu 2021 ni wastani wa mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka.